Nyumba na Afya: Sauti ya Watoa Makazi katika Mipango ya Matunzo

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya za wasemaji wa Kiswahili waishio Berchem-Sainte-Agathe, manispaa ambayo kwa Kiholanzi huitwa Sint-Agatha-Berchem. Kinaeleza jinsi mipango ya afya na matunzo inavyoandaliwa katika Mkoa wa Brussels, kwa nini wanaotoa na kusimamia makazi wanapaswa kusikilizwa katika mipango hiyo, na njia ambazo mpangaji anaweza kuzitumia ili hali anayoiona nyumbani kwake ifike mahali maamuzi yanapotolewa.

Watoa makazi wanaozungumziwa hapa ni wa aina nne. Kwanza ni kampuni za umma zinazokodisha nyumba za kijamii, ambazo kodi yake hukadiriwa kulingana na kipato cha kaya. Pili ni wakala wa kijamii wa nyumba, waitwao AIS kwa Kifaransa na SVK kwa Kiholanzi, ambao huchukua nyumba za watu binafsi na kuzikodisha kwa bei nafuu huku wakimhakikishia mwenye mali kodi yake. Tatu ni ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, CPAS au OCMW, pamoja na mashirika yanayowapatia makazi watu wasio na pa kuishi. Nne ni wenye nyumba binafsi, ambao ndio wanaowakodishia wapangaji walio wengi katika Mkoa.

Maradhi yanayoanzia ukutani

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari humwona mtoto anayekohoa kwa dakika chache katika chumba safi chenye joto. Haoni kuvu jeusi lililotanda nyuma ya kabati, wala dirisha lisilofunguka, wala nguo zinazokaushwa sebuleni kwa kuwa hakuna mahali pengine. Atatoa dawa ya pumu, na dawa hiyo itasaidia kwa muda. Lakini mtoto atarudi kulala katika chumba kilekile.

Uhusiano kati ya nyumba na afya umethibitishwa kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likieleza kwamba wakazi wa majengo yenye unyevu hupatwa zaidi na matatizo ya kupumua na pumu. Mwaka 2018 shirika hilohilo lilitoa miongozo ya makazi na afya, ambamo nyuzi joto 18 za Selsiasi zimetajwa kuwa kiwango salama cha joto ndani ya nyumba wakati wa baridi kwa watu walio wengi. Wazee, watoto wachanga na wagonjwa huhitaji joto zaidi ya hapo.

Hatari nyingine haionekani wala hainuki. Hita ya maji au jiko la gesi lisilotunzwa, likiwa katika chumba kisichopitisha hewa, hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayoweza kuua. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakihisi kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, inawapasa kufungua madirisha, kutoka nje na kupiga simu namba 112, wakitaja kwamba wanashuku sumu hiyo. Kwa ushauri kuhusu sumu ya aina yoyote, kituo cha taifa cha kuzuia sumu hupatikana kwa namba 070 245 245.

Berchem-Sainte-Agathe yenyewe ina kumbukumbu ya zama ambazo nyumba ilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mtaa wa Cité Moderne ulijengwa kati ya mwaka 1922 na 1925 kwa michoro ya msanifu Victor Bourgeois, wakati Ubelgiji ilipohitaji nyumba nyingi za gharama nafuu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadhi ya nyumba zilipangwa kwa mshazari, kila moja ikijitokeza mbele ya jirani yake, ili jua liingie vyumbani. Uwanja wake mkuu unaitwa Place des Coopérateurs, yaani uwanja wa wanaushirika, na jina hilo linakumbusha kwamba mtaa huo ulianzishwa kwa njia ya ushirika.

Kwa nini nyumba na afya zina wasimamizi tofauti

Mgeni nchini Ubelgiji hushangaa kuona kwamba tatizo moja lina ofisi nyingi. Sababu yake imo katika muundo wa nchi. Makazi ni jukumu la Mkoa. Bima ya afya na sehemu kubwa ya mambo ya hospitali zimebaki kwa serikali ya shirikisho. Mambo mengine ya afya na matunzo katika Brussels yamegawanywa kati ya vyombo vya lugha mbili na vya lugha mojamoja. Baada ya mageuzi ya sita ya dola, yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, majukumu kadhaa yalihamishwa kutoka serikali ya shirikisho, yakiwamo ya nyumba za wazee. Katika Brussels taasisi iitwayo Iriscare iliyapokea mengi ya hayo mwaka 2019. Vivalis ndiyo idara ya afya na ustawi wa jamii ya chombo cha pamoja cha lugha mbili, kiitwacho COCOM kwa Kifaransa na GGC kwa Kiholanzi.

Matokeo ya mgawanyo huo ni kwamba anayejua idadi ya vitanda vya hospitali hajui idadi ya lifti zilizoharibika, na anayejua lifti zilizoharibika haulizwi kuhusu vitanda. Mfano mmoja unatosha. Bibi aliyevunjika nyonga amemaliza matibabu katika hospitali ya kurekebisha viungo. Kwa upande wa afya yuko tayari kuruhusiwa. Lakini anakaa na mwanawe ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, na choo chake hakina mahali pa kujishikiza. Akirudi hapo atafungiwa ndani kama mfungwa, au ataanguka tena. Akibaki hospitali, anashika kitanda ambacho mgonjwa mwingine anakihitaji. Uamuzi unaomfaa unahitaji mtu wa nyumba azungumze na mtu wa hospitali kabla ya siku ya kuruhusiwa.

Mipango ya sasa na nafasi iliyopo

Katika miaka ya karibuni Brussels imejaribu kuziba pengo hilo. Mpango wa pamoja wa ustawi wa jamii na afya, unaojulikana kwa Kifaransa kama Plan social-santé intégré na kwa Kiholanzi kama Geïntegreerd welzijns- en gezondheidsplan, uliwekewa msingi wa kisheria mwaka 2024. Wazo lake kuu ni kupanga huduma kwa kufuata eneo ambamo watu wanaishi: mtaa, kisha kanda, kisha Mkoa mzima. Mkoa umegawanywa katika kanda tano za huduma, na Berchem-Sainte-Agathe imo upande wa kaskazini-magharibi. Taasisi ya Brusano, iliyoundwa kwa kuunganisha vyombo kadhaa vya awali, huwasaidia wahudumu wa afya ya msingi na wa ustawi wa jamii kuratibu kazi zao.

Kupanga kwa kufuata eneo ni nafasi nzuri kwa watoa makazi, kwa sababu hakuna anayelijua eneo kama anayelisimamia jengo. Hata hivyo nafasi hiyo haijazi yenyewe. Mikutano ya uratibu kwa kawaida huwakusanya madaktari, wauguzi wa nyumbani, wafamasia na maafisa wa ustawi wa jamii. Msimamizi wa nyumba hahesabiwi kuwa mhudumu wa afya, hivyo ni rahisi asialikwe, na akialikwa ni rahisi adhani kwamba hayamhusu.

Jambo hili halipo Brussels peke yake. Uingereza ilipitisha sheria ya afya na matunzo mwaka 2022, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo iliunda bodi 42 za kupanga huduma kwa maeneo. Sheria iliwataja wanaolazimika kuwamo katika bodi hizo, wakiwamo wawakilishi wa hospitali, wa madaktari wa familia na wa serikali za mitaa. Watoa makazi hawakutajwa, na vyama vyao vimelazimika kuomba nafasi eneo baada ya eneo.

Kwa watu wa Afrika Mashariki wazo lenyewe si geni. Anayetoka Tanzania anamfahamu balozi wa nyumba kumi, na mpango wa nyumba kumi unajulikana pia Kenya na katika miji ya mashariki ya Kongo. Balozi hatibu mtu, wala cheo chake hakikuwekwa kwa ajili ya tiba. Lakini anajua nani amejifungua, nani hajaonekana siku tatu, na kisima kipi kimechafuka. Mhudumu wa afya anayefika mtaani bila kumwuliza hupoteza mengi.

Mtoa makazi anajua nini

Katika Mkoa wa Brussels kuna kampuni 16 za nyumba za kijamii, chini ya usimamizi wa taasisi ya Mkoa iitwayo SLRB kwa Kifaransa na BGHM kwa Kiholanzi. Zina nyumba zipatazo 40,000, na zaidi ya kaya 50,000 zimo katika orodha ya kusubiri. Wafanyakazi wa kampuni hizo hukutana na wapangaji kila siku kwa shughuli ambazo hazina jina la afya: kutengeneza bomba, kupokea kodi, kusuluhisha ugomvi wa majirani.

Katika shughuli hizo huona dalili mapema. Mzee aliyekuwa akilipa kodi kila tarehe moja ameanza kusahau. Kijana hafungui mlango tena, na taka zimejaa ndani. Katika jengo moja malalamiko ya kuvu yametoka upande mmoja wote, ishara kwamba ukuta wenyewe una kasoro na wapangaji hawana kosa. Siku za joto kali, vyumba vya juu kabisa chini ya paa huwa kama tanuri, na waliomo ni wazee wanaoishi peke yao.

Taarifa kama hizo, zikijumlishwa bila majina ya watu, zinaweza kubadili mpango. Zinaweza kuonyesha mtaa unaohitaji wauguzi wa nyumbani zaidi, majengo yanayopaswa kutembelewa kwanza wakati wa joto, na idadi ya nyumba za kuingilia kiti cha magurudumu zinazohitajika katika kanda. Pia zinaweza kuzuia mtu kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa akili ambao haujatambuliwa. Mtu aliyepoteza nyumba hutibika kwa shida zaidi, na gharama ya kumtibu huwa kubwa zaidi kwa wote.

Sauti hiyo ina mipaka

Kumpa mtoa makazi nafasi ya kusema si kumfanya msemaji wa mpangaji. Maslahi yao hayalingani kila wakati. Mwenye jengo bovu anaweza kusema kwamba kuvu linatokana na wapangaji kupika sana na kutofungua madirisha. Huenda ni kweli katika nyumba moja, na katika nyumba nyingine ikawa kisingizio cha kutotengeneza ukuta. Kwa hiyo sauti ya mtoa makazi huwa na faida pale tu sauti ya mpangaji inaposikika kando yake.

Katika nyumba za kijamii kuna chombo cha kisheria kwa kazi hiyo: Baraza la Ushauri la Wapangaji, liitwalo COCOLO. Wajumbe wake ni wapangaji waliochaguliwa na wapangaji wenzao, na wawakilishi wake hushiriki katika vikao vya bodi ya kampuni. Mahali ambapo wapangaji hawajitokezi kupiga kura au kugombea, kampuni huzungumza peke yake. Kaya ya wahamiaji ambayo ni mpangaji halali ina nafasi sawa na kaya nyingine yoyote katika uchaguzi huo.

Siri ya mgonjwa

Kaya nyingi husita kusema kwa kuhofia kwamba habari za ugonjwa zitasambaa, au zitatumiwa kuwanyima nyumba. Hofu hiyo inaeleweka, na sheria imeizingatia. Daktari, muuguzi na afisa wa ustawi wa jamii wanafungwa na siri ya kazi, na kuivunja ni kosa la jinai nchini Ubelgiji. Taarifa za afya zina ulinzi wa pekee katika kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zilizoanza kutumika mwaka 2018. Mwenye nyumba haruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ya afya yake, ulemavu wake au asili yake. Anayebaguliwa kwa sababu hizo anaweza kupeleka malalamiko kwa taasisi ya Unia.

Tofauti ya kushika ni hii. Mtoa makazi anahitaji kujua mahitaji ya nyumba, wala hahitaji jina la ugonjwa. Inatosha kusema: "Mama hawezi kupanda ngazi," au "Mtoto anahitaji chumba kisicho na unyevu." Barua ya daktari inaweza kuandikwa kwa namna hiyohiyo. Mpangaji akiombwa kutia sahihi karatasi inayoruhusu ofisi mbili kupeana habari zake, ana haki ya kuuliza ni habari zipi, zitamfikia nani na kwa muda gani, na ana haki ya kukataa.

Njia za mpangaji

Methali inaonya: mficha maradhi, kilio humfichua. Tatizo lisiloandikwa popote halimo katika takwimu, na lisilokuwamo katika takwimu halimo katika mpango. Njia zifuatazo ziko wazi.

Ya kwanza ni kuandika. Kasoro ya nyumba ielezwe kwa mwenye nyumba kwa barua ya rejista, pamoja na picha zenye tarehe, na nakala ihifadhiwe. Maneno ya mdomo hayabaki.

Ya pili ni kumweleza daktari hali ya nyumba bila kusubiri aulize. Brussels ina kikosi cha Mkoa kinachochunguza uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, CRIPI kwa Kifaransa na RCIB kwa Kiholanzi, kilicho chini ya idara ya mazingira ya Mkoa. Kikosi hicho huja kwa ombi la daktari, hupima kuvu na vichafuzi vingine bila malipo, kisha humpelekea daktari matokeo na ushauri. Bila daktari kuambiwa, hakiji.

Ya tatu ni kuomba kuhamishwa. Mpangaji wa nyumba ya kijamii ambaye nyumba yake haimfai tena, kwa sababu ya ulemavu au kwa sababu familia imeongezeka, anaweza kuomba nyumba nyingine kwa kampuni yake. Kusubiri huwa kurefu, na kwa hiyo ombi lipelekwe mapema. Mgonjwa akiwa bado hospitali, familia imwombe afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali awasiliane na mtoa makazi kabla ya tarehe ya kurudi nyumbani.

Ya nne ni ukaguzi. Kanuni za Makazi za Brussels, zilizopitishwa mwaka 2003, zimeweka masharti ya usalama, usafi na vifaa kwa kila nyumba ya kukodisha. Mwenye nyumba aliyekwisha kuarifiwa kwa barua ya rejista asipotengeneza, mpangaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Ukaguzi wa Makazi wa Mkoa, uitwao DIRL au DGHI. Migogoro ya mkataba hupelekwa kwa hakimu wa amani.

Njia hii ya nne ina uzito wake na ni vyema ijulikane mapema. Nyumba ikikutwa ni hatari, inaweza kupigwa marufuku kukodishwa, na waliomo watalazimika kuhama. Mkoa una posho ya kuhamia makazi mapya, yenye masharti yake, lakini posho si nyumba. Kwa hiyo kaya yenye watoto au mgonjwa ifike kwanza CPAS au ofisi ya makazi ya manispaa, ipate ushauri kuhusu pa kwenda, ndipo iamue. Kuwepo kwa hatari hii si sababu ya kunyamaza. Ni sababu ya kutokwenda peke yake.

Ya tano ni lugha. Anayeongea Kifaransa au Kiholanzi kidogo anaweza kuiomba ofisi au zahanati imtafutie mkalimani kupitia huduma za ukalimani wa kijamii. Ombi hilo lifanywe siku ya kuweka miadi. Haifai mtoto awe mkalimani wa ugonjwa wa mzazi wake: mzazi atasita kutaja mambo mengine mbele yake, na mtoto atabeba mzigo usio wake.

Mambo ya kukumbuka

Mpango wa afya wa Mkoa huandikwa ofisini, lakini hutegemea yale yanayotokea katika vyumba vya watu. Mtoa makazi yuko kati ya pande hizo mbili. Akialikwa, anaweza kuueleza upande wa afya kuhusu ngazi, unyevu, baridi na upweke. Atakachokisema kitakuwa na ukweli kwa kadiri wapangaji walivyokwisha kumwandikia, walivyomweleza daktari wao, na walivyowachagua wenzao wa kuketi katika baraza. Kaya inayosubiri ukuta ukauke wenyewe hulipia subira hiyo kwa mapafu ya watoto.